Bisi na Sahani Zilizorudi Nyeupe

Ukifika Ikolo wakati mpunga unakaribia kuvunwa, usivute pumzi kwa fujo, utashiba kabla hujakaribishwa. Harufu ya mpunga ule huvuka mpaka kwenda Malawi bila karatasi yoyote, na askari wakiisikia inapita husimama wima wakaipisha. Hayo kila mtu anayajua. Wanachokijua wachache ni jinsi Angetile, mama yake Mercy, alivyolisha vinywa viwili mwaka ule wa kijibwa, kimoja cha mnyama na kimoja cha mkwe wake, na jinsi vinywa hivyo viwili vilivyomzunguka.

Angetile si mtu wa kuandikwa kwenye magazeti. Ana shamba la kakao la kutosha kumchosha, ana majaruba ya mpunga yanayofurika kila masika, ana migomba, na ana sauti ambayo akiimba kwaya viti vya nyuma hutikisika. Alizaliwa Ngana, akaja Ikolo akiwa bibi harusi wa Sylvester, mwana wa mzee Andongwisye. Jina hilo sisi wengine tunaweza kulitaja mpaka tuchoke. Angetile hajawahi kulitaja, hata usingizini.

Ni mambo ya ukutila, heshima ya mkwe. Mjini wameshaiacha, na mchungaji naye alishasema mara nyingi kwamba mtu na mkwewe wasalimiane tu, Mungu hakasiriki. Lakini nyumba ya mzee Andongwisye ilibaki na ya kwake. Tangu siku aliyoingia pale, Angetile hakuwahi kumtazama baba mkwe usoni. Wakikaribia kukutana njiani, yeye huingia migombani akageuka kumpa mgongo, naye mzee hukohoa kwa mbali ili kumpa nafasi ya kujificha. Kikohozi kile Angetile alikijua kuliko wimbo wa taifa. Aliujua mlio wa fimbo yake, aliujua mgongo wa koti lake la kahawia, alizijua ndara zake zikiwa mlangoni. Uso wake? Angekutana nao sokoni Kyela angeuuliza bei ya nyanya.

Na bado hapakuwa na mtu duniani aliyemshukuru kama mzee yule. Sylvester alipofariki, ndugu walikaa kikao, na wapo waliosema mjane arudi kwao Ngana, shamba lirudi kwenye ukoo. Angetile alikuwa jikoni, analia juu ya sufuria. Akasikia kile kikohozi, halafu sauti ya mzee ikapita ukutani kama msumari:

"Mkono unaonipikia siufukuzi. Sahani yake haijawahi kurudi na chakula, tangu aje. Mnataka nife njaa?"

Kikao kikaisha hapo hapo, watu wakaulizia chai. Tangu siku ile, Angetile alimpikia mkwewe kama anayepikia malaika mwenye njaa. Chakula hakipeleki mwenyewe, maana uani kwa mkwe haingii. Hukipokea wifi yake, Naomi, binti wa mzee, anayekaa upande wa pili wa njia. Naomi huweka sahani mbele ya baba yake, hunawisha mikono, huondoka, kwa kuwa mzee hali mbele ya mabinti. Baadaye huenda kuichukua. Na sahani kweli hurudi nyeupe. Hurudi nyeupe mpaka unaweza kujitazama humo ukachana nywele.

Basi, mwaka ule Mercy akaja kutoka Mbeya na kikapu. Ndani ya kikapu mna kitu cheupe chenye manyoya, macho mawili na kiburi.

"Mama, mwenye nyumba hataki mbwa. Naomba ukae naye."

"Huyu ni mbwa?" Angetile akauliza. "Mbona kama ni kitambaa cha kochi?"

"Ni mbwa wa aina ndogo, mama. Hata akizeeka hafiki gotini."

"Na mwizi akija, atamfanya nini? Atamtekenya?"

Kijibwa aliitwa Bisi, kwa sababu alikuwa mweupe na amejikunjakunja kama bisi zilizoruka kwenye sufuria. Mercy akaacha maelekezo, akaacha busu, akapanda boda kurudi mjini. Na Bisi akaanza kazi yake, ambayo ilikuwa kukataa chakula.

Siku ya kwanza Angetile alimpa ugali na dagaa wa usipa. Bisi akautazama ule ugali kama mtu anavyomtazama muumini anayetoa ushuhuda wa uongo kanisani. Akapiga chafya, akageuka. Akapewa chenga za mchele kwa maziwa. Akanusa ukingo wa bakuli, akakaa chini, akatazama mbali. Akapewa yai. Akalisukuma kwa pua mpaka kwa kuku, na kuku mwenye yai lake akaja kuangalia nani anamtania. Angetile akachinja jogoo mmoja, akachemsha maini, akayakatakata kwa mkono wake. Bisi akalamba mara moja, kwa adabu tu, kama mgeni anayejua kwamba kuna nyumba nyingine anakokwenda kula.

Ikawa kila asubuhi Angetile anamkimbiza na kijiko kuzunguka mikeka ya kakao. "Kula, gwe! Kula kidogo tu! Kimoja cha Mercy! Kimoja cha mchungaji!" Wapita njia wakasimama. Wapo walioleta watoto waje kuona.

Akampigia Mercy simu. "Mwanangu, huyu mtu wako hali."

"Huku alikuwa anakula, mama."

"Alikuwa anakula nini?"

Mercy akashusha sauti. "Chipsi."

"Chipsi! Na wewe ulikuwa unakula nini?"

"Na mimi chipsi, mama. Tulikuwa tunagawana."

Angetile akakata simu ili asitukane kwa gharama zake.

Kilichomtia hofu zaidi ni tumbo. Bisi hali, lakini tumbo lake lilizidi kuwa duara. Lilikaza kama ngoma. Angetile aliwahi kuona picha zahanati, ya mtoto mwenye utapiamlo, tumbo limevimba na shingo nyembamba, na mwuguzi akaeleza kwamba ile si shibe, ile ni njaa. Akamtazama Bisi, akatazama lile tumbo, moyo ukamshuka mpaka kwenye ndara. "Mungu wangu, anavimba kwa njaa ndani ya nyumba yangu, Ikolo, ambako hata panya wana vitambi!" Akaongeza mapishi. Maziwa asubuhi, mchuzi mchana, samaki jioni. Na kila bakuli likabaki kama lilivyo, likaliwa na kuku, ambao walinenepa mpaka jogoo akaacha kuwika. Alikuwa anakohoa tu.

Wakati huo huo, upande wa pili wa uzio, uani kwa mzee, mambo yalikuwa yamegeuka.

"Wifi," alisema Naomi siku moja akirudisha sahani, "baba anakonda."

"Anakonda vipi?"

"Anakonda kama watu wanavyokonda. Koti linamtembea. Jana kajifunga mkanda, ncha yake inaning'inia kama mkia. Unampikia nini?"

"Nampikia nini? Hicho unachobeba wewe mwenyewe! Wali, samaki mbasa wa kukaanga, maharage, kuku. Na sahani hii hapa, itazame! Hata kuiosha naona aibu."

"Basi sahani ndizo zinazokula," akasema Naomi. "Maana sahani zako zinang'aa na baba yangu anaisha."

Lilikuwa neno la utani wa wifi kwa wifi, lakini lilikuwa na mwiba. Na Naomi alikuwa na jingine. Akalisema akiwa ameshapiga hatua za kuondoka, kwa sababu mtu akitaka kukuchoma vizuri hukuchomea mlangoni.

"Kaka Lusungu kapiga simu. Anasema mpunga ukishavunwa anakuja na gari kumchukua baba, akakae kwake Mbeya. Anasema huku hatunzwi."

Angetile aliishika ile sahani kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa maiti ya mtoto mchanga. Mbeya! Kwenye nyumba ya vigae, ambako kuku huuzwa wakiwa uchi na migomba hupandwa kwenye ndoo. Mzee yule angekufa kwa kukaa kwenye kochi. Na yeye Angetile angebaki na sufuria zake, watu wakipita njiani wanasema: kashindwa kumtunza hata mzee mmoja, mzee aliyemtetea. Hilo la watu angelivumilia. Asiloweza kulivumilia ni kwamba mtu aliyesema "mkono unaonipikia siufukuzi" aje aondolewe Ikolo kwa sababu ya mkono ule ule.

Akazidisha. Wali akaujaza mpaka ukafanya mlima. Mbasa akamkaanga mzima, mkavu, mwekundu, mfupa unalia ukiuma. Kuku akachagua wa kienyeji mwenye misuli ya mkimbiaji. Sahani zikarudi nyeupe zaidi. Mzee akakonda zaidi. Na Bisi, ambaye hali, akafikia hatua ya kushindwa kupita chini ya geti, ikabidi afunguliwe.

Wewe unayesikiliza umeshajua. Kuku walishajua. Lakini Angetile atajuaje, mtu ambaye uani kwa mkwewe hajawahi kukanyaga?

Ikafika siku ya chanjo ya mbwa. Mtaalamu wa mifugo, Beatrice, alikuja na pikipiki kutoka Kyela mjini, akapanga majibwa ya kijiji kwenye foleni pale ofisi ya kijiji, kila moja na kamba yake ya katani. Angetile akamleta Bisi akiwa amembeba mgongoni kwa kanga.

"Mama, huyu nani?" akauliza Beatrice, akicheka.

"Ni mgonjwa. Hali kitu. Tazama alivyovimba kwa njaa."

Beatrice akamshika Bisi tumboni. Akamgeuza. Akapitisha vidole mbavuni, akazitafuta mbavu kama mtu anayetafuta shilingi kwenye unga. Akafungua mdomo wake, akaunusa.

"Mama, huyu hajavimba. Huyu ameshiba."

"Ameshiba nini, upepo? Chakula changu chote kinaliwa na kuku!"

"Sijui. Lakini mdomo wake unanuka mbasa wa kukaanga."

Watu wa kwenye foleni wakacheka. Angetile hakucheka. Mbasa alikuwa hajapikwa nyumbani kwake wiki ile ila sahani moja tu, ile ya jana. Na sahani ile ilikwenda upande wa pili wa uzio.

Beatrice hakujua alichokuwa amekitoboa. Aliendelea kwa upole, huku akichoma sindano.

"Hawa wadogo wana tumbo kama kikombe, mama. Ukimwonjesha hapa, akaonjeshwa pale, kikombe kimejaa, cha kwake hakitaki tena, na anajifunza kwamba akikataa atapata kitamu zaidi. Usimkimbize na kijiko. Mpe kidogo kidogo, saa zile zile kila siku, chakula laini cha uvuguvugu, bila chumvi, bila kitunguu, bila miiba. Weka chini. Asipokula mpaka chai ya watu imenyweka, ondoa, kaa kimya, asubiri zamu nyingine. Akipitisha siku nzima hajala kabisa nipigie, wadogo hawa hulegea haraka. Na mbwa hupenda kula akiona mwenzake anakula. Lakini kwanza mtafute anayempa huyo mbasa. Mwiba wa mbasa kooni mwa kiumbe kama huyu, mama, utamzika."

Adhuhuri ile ile Angetile alimkabidhi Naomi sahani kama kawaida, na mbasa mwingine juu yake. Akamwona Naomi akienda, akamwona akirudi kuendelea na kakao zake. Halafu akaona kitu cheupe kikitambaa kando ya uzio, kikijipenyeza kwenye pengo, matako yakakwama, yakachezacheza, yakapita.

Sasa afanyeje? Kumfuata lazima. Kumwona mkwewe hawezi. Akafanya kilichobaki: akaingia migombani kinyumenyume. Nadhani ndiye mpelelezi pekee duniani aliyekwenda kupeleleza kwa kisogo. Alirudi nyuma hatua kwa hatua, kanga kichwani, anapapasa migomba kwa mikono, akakanyaga kuku, akaomba radhi kwa kunong'ona, mpaka mgongo wake ukagusa uzio wa uani kwa mzee. Akachuchumaa. Akatega sikio.

Akasikia kijiko. Akasikia meno madogo madogo yakitafuna kwa bidii. Halafu akasikia sauti ya mzee, sauti ambayo hajawahi kuisikia kwa karibu hivyo, laini, inayopuliza hewa kwenye maneno kama ya mtoto.

"Kula, Bisi. Kula, mwanangu. Mimi nimeshakunywa mchuzi, mchuzi ni mzuri, Mungu ambariki. Lakini nyama hii niitafune kwa meno gani? Yamebaki mawili, na hayatazamani. Mbasa huyu ni mzuri, nauona kwa macho kwamba ni mzuri. Kula wewe."

Meno madogo yakaendelea kutafuna.

"Maliza na pembeni hapo. Sahani irudi safi. Yule mama asije akaona chakula kimebaki akalia, akadhani hajui kupika. Amehangaika sana na nyumba hii."

Angetile akauma kanga.

"Wewe una kazi nyepesi," mzee akaendelea, na sasa alikuwa anacheka peke yake. "Kazi ngumu aliifanya mwenzako Komando. Mwaka ule mama yule anaolewa, ee Bwana! Wali una mawe, ugali mbichi katikati, maharage ukiyadondosha yanapiga kelele. Marehemu mke wangu anasubiri tu sahani irudi na kitu apate la kusema. Nikamwita Komando. Komando alikula yote. Alinenepa yule mbwa mpaka watu wakataka kumkamua. Halafu taratibu mama yule akajifunza, akawa mpishi kuliko wote hapa, nikamnyang'anya Komando sahani nikaanza kula mwenyewe. Nimekula vizuri miaka mingi. Sasa meno ndiyo yamenisaliti."

Pale nyuma ya uzio, kisogo kikiwa kimeelekea kwa mkwewe, Angetile alikuwa anafanya mambo mawili kwa wakati mmoja, kucheka na kulia, na yote mawili kimyakimya, mpaka migomba ikatikisika. Alikuwa amejivunia maisha yake yote sahani zile za mwanzo! Aliwahi kuwasimulia mabinti wa kwaya jinsi alivyompendeza mkwewe tangu siku ya kwanza! Kumbe alikuwa amempendeza mbwa. Na mzee yule, ambaye hajawahi kumpa hata salamu ya ana kwa ana, alikuwa amesimama katikati yake na ulimi wa mama mkwe, kwa kutumia jibwa, bila kumwambia mtu.

Na yeye Angetile alikuwa anamkaangia mbasa mkavu mtu mwenye meno mawili. Lakini utayajuaje meno ya mtu ambaye hujawahi kumtazama usoni?

Akarudi jikoni. Akakaa kwenye kigoda. Kumtumia mzee chakula laini ghafla haikufaa. Angejua kwamba siri imetoka, na mzee wa namna ile afadhali afe na koti linamtembea kuliko kuonewa huruma ya meno na mkwewe. Kumwambia Naomi ukweli ndiyo kabisa. Naomi angeupeleka mpaka Matema kabla ya jua kuzama. Hapana. Mzee alimwokoa kwa mbwa. Basi na yeye atapita hapo hapo.

Kesho yake alichemsha mbalaga. Ndizi zile akazipondaponda na maziwa mpaka zikawa laini kama shavu la mtoto. Samaki akamchambua mwiba kwa mwiba, nyama akaitwanga ikawa kama unga uliolowa mvua. Fungu la Bisi akalitoa kwanza, vijiko vichache tu, halafu ndipo akatia chumvi kwenye lililobaki. Akamwita Naomi.

"Wifi, nisaidie. Mtaalamu wa mbwa kaniambia maneno ya ajabu. Kasema kijibwa huyu hali kwa sababu anakula peke yake. Mpaka amwone mtu mzima ametulia mbele yake, anakula kitu hicho hicho."

"Ati nini?" akasema Naomi. "Mbwa anataka mgeni wa heshima?"

"Ndivyo alivyosema. Mimi sina utulivu, nakimbizana na kakao. Mtu mwenye utulivu hapa ni mmoja. Mwombe baba amvumilie tu, ale naye hiki cha mbwa, mpaka azoee. Bakuli dogo ni la Bisi. Asimwongeze kitu kingine, hata punje, hata akimlilia. Mbasa na mwiba wake ungemuua. Baba akimaliza kula, bakuli liondolewe, Bisi awe amekula au hajala. Kuni zenyewe zimelowa, sina sufuria ya pili."

Naomi akafunua sahani, akanusa. "Unampa baba yangu chakula cha mbwa."

"Nampa. Na wewe mwambie hivyo hivyo."

Naomi akaenda akiwa anatikisa kichwa, na kutoka jikoni Angetile akasikia sauti yake ikieleza. Kuku walisimama. Halafu kile kikohozi. Halafu mzee akasema kwa sauti ya mtu aliyepewa uenyekiti:

"Kama ni kwa ajili ya kuokoa uhai wa kiumbe, nitakula."

Siku ile Bisi alikaa mbele ya mzee akisubiri mbasa. Mbasa hakuja. Akalia. Mzee akala. Bisi akaweka mguu kwenye goti la mzee. Mzee akala. Bisi akalaza kichwa chini, akatazama juu kwa macho yale yaliyomshinda Mercy, yakamshinda Angetile, yangemshinda hata hakimu. Mzee, anasimulia Naomi aliyechungulia kwa siri, alifumba macho ili asiyaone, akaendelea kula akiwa amefumba. Bakuli likaondolewa. Jioni ile vilevile: akalilamba mara mbili, akamtazama mzee, likaondolewa. Usiku Angetile hakupata usingizi, alimsikia kijibwa akiguna kwenye kikapu, na mkono wake ulikuwa ukienda kwenye kijiko wenyewe. Akaukalia mkono.

Asubuhi, mzee alipopiga tonge la kwanza la mbalaga, Bisi alitazama kulia, akatazama kushoto, akaona hakuna mahakama ya rufaa. Akainamisha kichwa kwenye bakuli lake. Akala. Alikula mpaka bakuli likatembea uani, yeye akilifuata, likagonga ukuta wa choo.

"Amekula!" akapaza sauti mzee, akasahau kila heshima ya kunyamaza. "Amekula yote! Mwambieni aliyepika!"

Hakuna aliyehitaji kwenda kumwambia. Angetile alikuwa jikoni amesimama, ameshika mwiko kama bendera.

Ikawa hivyo kila siku, asubuhi, adhuhuri na jioni: mzee na kijibwa, kila mmoja na chake, ndizi za kupondwa, wali wa bokoboko, kuku wa kutwangwa, maharage yaliyotolewa maganda. Tumbo la Bisi likarudi ndani, akaanza kupita chini ya geti bila kuombewa. Mashavu ya mzee yakarudi nje. Mkanda ukapoteza mkia. Naomi akaanza kusimulia kijijini kwamba baba yake amenenepa kwa chakula cha mbwa, na wapo wazee waliouliza kwa siri kama mtaalamu anacho kingine.

Mpunga ukavunwa. Lusungu akaja na gari lake, amevaa viatu vya kung'aa ambavyo tope la Ikolo liliviheshimu kwa hatua moja tu. Akaingia uani kwa baba yake. Angetile, jikoni kwake, alizima hata redio.

"Baba! Mbona umenawiri? Niliambiwa unaisha."

"Aliyekuambia ana macho mabovu. Kaa chini."

"Hata hivyo nimekuja kukuchukua. Tumekuandalia chumba."

"Siwezi," akasema mzee.

"Kwa nini huwezi?"

"Nina mgonjwa." Fimbo ikagonga ardhi, bila shaka ikielekezwa kwa Bisi. "Huyu asiponiona nakula, hali. Asipokula, hulegea akafa. Ni mtaalamu kasema, mwanamke msomi, ana pikipiki. Nikienda Mbeya nikamwacha afe, nitamwambia nini Mungu?"

"Baba, huyo ni mbwa."

"Ni mbwa. Na wewe ulikuwa hivyo hivyo kwenye ugali, mpaka ukasimuliwa hadithi. Nilikuacha?"

Lusungu akakaa. Akakaribishwa mbalaga, akala sahani mbili, akaomba ya kubeba. Jioni gari likaondoka na gunia la mchele, mkungu wa ndizi na kuku mmoja aliyevaa manyoya yake yote. Mzee hakuwemo.

Baada ya gari kupotea, Naomi akaja na sahani za jioni. Bakuli la Bisi lilikuwa jeupe, limelambwa. Lakini sahani ya mzee, kwa mara ya kwanza tangu Angetile aingie Ikolo akiwa na hina mikononi, haikuwa nyeupe. Pembeni kulibaki fungu la wali, na kipande cha samaki.

"Kashiba," akasema Naomi. "Kasema leo ameshindwa kumaliza, usikasirike."

Angetile akaitazama ile sahani muda mrefu. Wali uliobaki! Akaketi nao mapajani kama mtu aliyepewa zawadi ya harusi. Na hapo hapo, kutoka upande wa pili wa uzio, kikaja kile kikohozi, na kisha sauti, ambayo ilikuwa ikizungumza na kijibwa lakini kwa nguvu kidogo kuliko inavyohitajika kwa kijibwa aliye miguuni pako.

"Bisi, gwe, nenda nyumbani sasa. Ukifika kamwambie aliyepika, chumvi leo imezidi kidogo."

Kikohozi tena.

"Na umwambie, ndaga fijo, asante sana. Kwa meno yangu."

Angetile akacheka mpaka akashika tumbo. Maisha yake yote pale, na hatimaye mkwewe alikuwa amelalamika! Akageuza uso upande wa ukuta, kama heshima inavyotaka, akapokea kijibwa aliyekuja mbio akipita chini ya geti, akamnyanyua mpaka usawa wa mdomo wake.

"Bisi," akasema, naye kwa nguvu kidogo kuliko inavyohitajika, "rudi ukamwambie, ndaga fijo na yeye. Kwake yeye na kwa Komando."

Upande wa pili fimbo ikaanguka. Halafu mzee Andongwisye akaanza kucheka, kicheko cha meno mawili, kikapita uzio, kikapita migomba, na nisikudanganye, ng'ambo kule Malawi kuna mtu alisimama akauliza nani mwenye furaha hivyo.

Kesho yake Angetile akapunguza chumvi.